Kununua Baiskeli ya Bei Nafuu kwa Mazoezi, Unguja na Pemba

Mtu anayetaka baiskeli ya mazoezi, yaani ya kuendesha asubuhi mara tatu au nne kwa wiki, kilomita kumi au kumi na tano, kwa mwendo wa kumtoa jasho bila ya kushindana na yeyote, hahitaji baiskeli ya fedha nyingi. Anahitaji baiskeli inayokwenda bila ya kukwama, inayosimama pale breki zinapobanwa, na inayolingana na kimo chake. Baiskeli ya namna hiyo inapatikana kwa bei ya chini katika visiwa vyetu, ikiwa mpya au ya mtumba, lakini haipatikani kwa kuangalia rangi na wingi wa gia. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuichagua, namna ya kuikagua kabla ya kutoa fedha, na kazi ambayo fundi anapaswa kuifanya kabla hujaiendesha mbali. Kazi hiyo ya fundi ndiyo ninayoipa uzito kuliko yote, kwa sababu wanunuzi wengi huisahau, na ndiyo inayoamua kama baiskeli ya bei ndogo itadumu au itaishia kukaa ukumbini ikiota kutu.

Anza na hesabu. Fedha uliyonayo igawe kabla hujaingia dukani: sehemu nne kati ya tano ziwe za baiskeli yenyewe, na sehemu moja iliyobaki iwe ya fundi, tyubu ya akiba, pampu, kufuli na taa. Aliyetenga shilingi 250,000, kwa mfano, aangalie baiskeli za 200,000, wala asiziguse elfu hamsini zilizobaki hata kama muuzaji atamwonesha nyingine inayong'aa zaidi. Baiskeli ya 200,000 iliyopita mikononi mwa fundi hodari huendesheka vizuri kuliko ya 250,000 iliyotoka dukani moja kwa moja, na tofauti hiyo utaihisi katika magoti yako tangu wiki ya kwanza.

Baiskeli mpya za maduka makubwa

Katika maduka yanayouza mafeni, majokofu na vyombo vya nyumbani, baiskeli hupangwa mbele, zikiwa bado zimevishwa plastiki, na nyingi huwa na shokapu mbele na nyuma, gia 18 au 21, na maandishi makubwa kwenye fremu. Bei yake huwa ndogo kuliko mtu anavyotarajia kwa chombo chenye vifaa vingi kiasi hicho, na hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kutulia na kufikiri. Ikiwa bei ni ndogo na vifaa ni vingi, basi kila kifaa kimoja kimetengenezwa kwa gharama ndogo mno. Baiskeli yenye vifaa vichache iliyouzwa kwa bei ileile imegawa gharama yake kwa vitu vichache, na kila kimoja kimepata fungu kubwa zaidi.

Jina lililobandikwa kwenye fremu lisikushughulishe sana. Huko Marekani, ambako baiskeli za aina hii huuzwa katika maduka kama Walmart na Target, jina la Schwinn lilikuwa la kiwanda cha Chicago kilichoanzishwa mwaka 1895 na kilichoheshimiwa kwa miongo mingi. Kampuni ikafilisika mwaka 1992, ikafilisika tena mwaka 2001, jina likanunuliwa na kampuni nyingine, na leo jina hilohilo linaonekana kwenye baiskeli za bei ya chini za maduka hayo. Jina linaweza kuuzwa peke yake, bila ya kiwanda na bila ya mafundi wake. Kwa hivyo kagua chuma, rimu na breki zilizo mbele yako, na stika ziache zilivyo.

Ushauri wangu kuhusu shokapu ni kuziacha, hasa za nyuma. Shokapu nzuri ni kifaa cha gharama, na ile inayowekwa kwenye baiskeli ya bei ndogo huwa ni springi tu ndani ya bomba, haina namna ya kurekebishwa, na vipuri vyake havipatikani. Kila unapokanyaga pedali, springi ya nyuma inabonyea na kumeza sehemu ya nguvu zako, na baada ya miezi kadhaa bawaba ya fremu hulegea na gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Uzito nao unaongezeka: baiskeli za aina hii mara nyingi hufika kilo 17 au 18 na kuzidi. Wapo wanaosema kwamba kwa mazoezi uzito si tatizo kwa kuwa unamfanya mtu afanye kazi zaidi. Hoja hiyo ina ukweli kidogo, lakini mwenye baiskeli nyepesi huongeza kazi kwa kuongeza mwendo au masafa pale anapotaka, ilhali mwenye baiskeli nzito inayoyumba huchoka mapema, huumwa na mgongo, na baada ya wiki chache huanza kutafuta sababu za kubaki nyumbani. Kwa barabara zetu za lami na hata njia za kifusi za shamba, tairi pana lililojazwa upepo wa kutosha hupunguza mtikisiko vya kutosha.

Kuhusu gia, amua kwa kuangalia mahali unapoishi. Anayeendesha kutoka Mjini kwenda Bububu, au kwenye tambarare ya Paje, Jambiani hadi Makunduchi, anaweza kutosheka na gia moja, na akiwa na tatu atakuwa na zaidi ya anachohitaji. Pemba ni jambo jingine. Barabara ya Chake Chake kwenda Wete ni ya milima na mabonde yanayofuatana, na mtu asiyekuwa na gia nyepesi atalazimika kushuka na kusukuma mara kwa mara. Huyo namshauri atafute baiskeli yenye gia sita au saba nyuma na sahani (duara la meno lililo kwenye pedali) moja tu mbele, kwa sababu sahani tatu za mbele ndizo zinazosumbua kurekebisha na ndizo zinazotupa mnyororo.

Nenda dukani na sumaku ndogo mfukoni. Iguse kwenye rimu: ikinata, rimu ni ya chuma, isiponata, ni ya alumini. Kwa mazingira yetu tofauti hiyo ni kubwa. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa, raba za breki huteleza juu yake na baiskeli husimama mbali zaidi kuliko ulivyokusudia, jambo la hatari wakati wa masika. Na kromu ikichubuka, hewa ya chumvi huila rimu kwa haraka. Rimu ya alumini inashika breki vizuri hata ikiwa imelowa, haioti kutu, na ni nyepesi. Ikiwa huna nafasi ya kukagua mambo mengi, kagua hili. Spoku pia zitazame: zile zenye rangi iliyofifia ya zinki huanza kutu mapema, hasa kwa mtu anayeishi karibu na pwani, na hapa kwetu ni wachache walio mbali na pwani.

Ipo pia baiskeli mpya ya aina ya zamani, Phoenix ya China na nyingine zilizofuata umbo lake, yenye magurudumu makubwa ya inchi 28, gia moja, breki za fito na keria nzito nyuma. Kwa kubeba mzigo haina mpinzani, na kila fundi wa kila kijiji anaijua mpaka nati ya mwisho. Kwa mazoezi ni nzito, na breki zake za fito juu ya rimu ya chuma ni dhaifu wakati wa mvua. Hata hivyo, kwa mtu wa shamba anayetaka baiskeli moja ya mazoezi na ya sokoni, ninaiona ni chaguo bora kuliko ile ya shokapu mbili, kwa kuwa ikiharibika itatengenezeka siku hiyohiyo kwa vipuri vilivyopo dukani.

Mtumba, na namna ya kuukagua

Baiskeli za mtumba kutoka Japani na Ulaya ndizo ninazozipendekeza kwa mazoezi. Baiskeli ya kawaida ya Kijapani, ile yenye kikapu mbele, fremu iliyoshuka katikati, kifuniko cha mnyororo, madigadi na kufuli la gurudumu la nyuma, ilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima wanaoiendesha kila siku kwenda kituo cha treni na sokoni. Nyingi zina rimu za alumini, na baadhi zina gia tatu zilizomo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma. Gia za ndani ya habu zinafaa sana visiwani kwa sababu mchanga na chumvi haziwezi kuzifikia kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba zikifa kabisa, vipuri ni vigumu kupatikana, kwa hivyo zijaribu zote tatu kabla ya kulipa, na ikiwa moja inateleza au inatoa mlio, iache.

Kwa baiskeli ya mtumba chukua muda wako, na usiinunue jioni taa zikiwa hafifu. Nenda asubuhi, ukiwa na sumaku, rula na kitambaa. Ukizunguka sehemu za biashara kama Darajani, Mlandege na Mwanakwerekwe, au Chake na Wete kwa walioko Pemba, linganisha baiskeli kadhaa kabla hujaanza kutaja bei, kwa sababu muuzaji akishajua umependa moja, mlango wa kupunguziwa hufungwa.

Ukaguzi uanze na fremu. Ifute kwa kitambaa na utazame sehemu ambapo mabomba yanaungana, hasa chini ya usukani na karibu na krenki (pale pedali zinapozungukia), ukitafuta ufa au rangi iliyojikunja. Rangi iliyojikunja chini ya bomba karibu na usukani ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu kwa mbele, na fremu ya namna hiyo haifai hata kwa nusu ya bei. Kisha simama ubavuni mwake na utazame uma wa mbele: unapaswa kupinda kidogo kwenda mbele, pande zote mbili sawasawa. Katika baiskeli mpya zilizotoka kwenye sanduku na kufungwa kwa haraka, hutokea uma ukafungwa kinyume, ukaelekea nyuma, na baiskeli ikawa ya kupepesuka. Kosa hilo ni rahisi kulirekebisha, lakini lazima ulione kwanza.

Nyanyua kila gurudumu na ulizungushe. Tazama nafasi kati ya rimu na raba za breki. Ikiwa rimu inakwenda kushoto na kulia kwa milimita mbili au tatu, fundi ataivuta kwa spoku, lakini ikiwa inagusa pande zote mbili au imekunjika kama iliyogonga shimo, hesabu bei ya rimu mpya. Shika gurudumu juu na ulitikise kwa upande: likicheza, gololi za habu zimelegea au zimekwisha. Zungusha tena polepole huku mkono wako ukiwa juu ya fremu. Ukihisi mkwaruzo, grisi imekauka. Mambo haya mawili yanatengenezeka kwa gharama ndogo na yasikukatishe tamaa, ila yawe ni hoja yako ya kupunguziwa.

Mnyororo upime kwa rula. Kwenye mnyororo mpya, ukiweka sifuri katikati ya pini moja na kuhesabu pini 24 mbele yake, umbali ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umefika wakati wa kubadilishwa. Ukizidi kwa moja ya nane, umeshaanza kuyala meno ya sahani, na utalazimika kununua mnyororo na gia za nyuma kwa pamoja. Wauzaji wachache wanalijua hili, na mnunuzi anayepima kwa rula hupewa bei ya heshima.

Jaribu kuupandisha na kuushusha mti wa siti. Mti ulioganda ndani ya fremu kwa kutu ni tatizo kubwa zaidi kuliko linavyoonekana, kwa sababu huwezi kuurekebisha urefu, na kuutoa kwa nguvu kunaweza kuiharibu fremu. Ikiwa muuzaji hawezi kuusogeza mbele yako, chukulia kwamba hautasogea.

Sasa namba za tairi, jambo ambalo linawapotezea watu fedha nyingi. Kwenye ubavu wa tairi huandikwa namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 37-590. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Ya pili ndiyo isiyokubali kosa. Baiskeli nyingi za Kijapani za inchi 26 zina tairi la 26 × 1⅜, ambalo kipenyo chake ni 590, wakati baiskeli za milimani za inchi 26 zina kipenyo cha 559. Zote zinaitwa ishirini na sita, lakini tairi la moja haliwezi kukaa kwenye rimu ya nyingine hata kwa kulazimishwa. Za Kijapani za inchi 27 ni 630, Phoenix ya inchi 28 ni 635, na nyingi za Ulaya zilizoandikwa 700C ni 622. Kabla ya kununua baiskeli yoyote ya mtumba, iandike namba hiyo kwenye simu, nenda kwenye duka la vipuri, na uulize kama tairi na tyubu zake zipo. Lisipopatikana mjini, baiskeli hiyo utaiendesha mpaka tairi litakapochakaa, na hapo safari yake itakwisha. Tazama na vali: ile nyembamba ya baiskeli za mbio za Ulaya haiingii kwenye pampu nyingi za mafundi wetu bila ya kiunganishi, kwa hivyo ukiinunua baiskeli hiyo, nunua na kiunganishi chake.

Jambo la breki lisipitwe. Bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele; gurudumu la mbele lisizunguke kabisa, na mkono wa breki usiguse usukani. Wakati huohuo sikiliza kwenye shingo ya usukani: ukisikia mgongano mdogo, gololi za hapo zimelegea. Kisha angalia mkono upi unabana breki ipi. Katika baiskeli za Japani na Uingereza, mkono wa kulia kwa kawaida ni wa breki ya mbele. Katika nyingi za Marekani na Ulaya bara, breki ya mbele iko kushoto. Mtu aliyezoea mpangilio mmoja akapanda baiskeli ya mpangilio mwingine, siku ya kubana kwa ghafla atabana ya mbele peke yake bila ya kukusudia. Fundi anaweza kubadilisha nyaya kwa muda mfupi, na mwambie afuate ule uliouzoea.

Ukisharidhika, omba risiti yenye namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya krenki au kwenye bomba la siti. Ipige picha. Baiskeli isiyokuwa na namba, au ambayo namba yake imekwanguliwa, usiinunue kwa bei yoyote ile.

Kimo na mavazi

Baiskeli ya mazoezi inayoumiza goti mara nyingi ni baiskeli nzuri yenye siti fupi. Kaa juu ya siti ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila ya kiuno kuinama. Ukiendesha kwa kawaida, kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wanaoanza hupenda siti ya chini ili miguu yote miwili iguse ardhi wakiwa wamekaa, na kwa siku za mwanzo si vibaya, lakini baada ya kuzoea ipandishwe taratibu. Mti wa siti una alama ya mwisho wa kupandishwa. Alama hiyo isionekane nje ya fremu, na kama inabidi ionekane ili upate kimo chako, basi fremu ni ndogo kwako.

Kwa wanawake wanaoendesha wakiwa wamevaa buibui au dera, na kwa mwanamme mwenye kanzu vilevile, fremu iliyoshuka katikati na kifuniko kamili cha mnyororo ni vitu vya usalama. Nguo ikiingia kwenye mnyororo au kwenye spoku, baiskeli husimama ghafla na mwendeshaji huanguka. Baiskeli nyingi za Kijapani zina kifuniko hicho, na nyingine zina wavu au plastiki pembeni ya gurudumu la nyuma. Pale ambapo haipo, fundi anaweza kufunga wavu kwa bei ndogo, na ninawaomba dada zetu wasianze mazoezi kabla ya hilo kufanyika. Mtandio ufungwe ncha zake ndani.

Kazi ya fundi

Baiskeli mpya ya bei ndogo ichukuliwe kuwa haijakamilika. Imesafirishwa ndani ya sanduku ikiwa nusu, na aliyefunga usukani, pedali na gurudumu la mbele huenda ni kijana wa dukani ambaye siku hiyohiyo anafunga na mafeni. Ya mtumba nayo imekaa kwenye kontena na bandarini karibu na maji ya chumvi. Zote mbili zinahitaji mambo yaleyale, na ni vyema ukae pale fundi anapofanya kazi, kwa adabu, ili ujifunze na ili kila jambo lifanyike.

Mwambie afungue habu zote mbili, shingo ya usukani na krenki, asafishe gololi kwa mafuta ya taa, na azirudishe na grisi ya kutosha. Hili ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Habu zilizotoka kiwandani na grisi kidogo, au zilizobanwa mno, huanza kujila zenyewe tangu kilomita za mwanzo, na uharibifu ukishatokea kwenye kikombe cha gololi, grisi haiwezi kuurudisha. Kisha azipime spoku kwa kuzigusa mojamoja na kuzikaza zilizolegea, kwa sababu spoku moja iliyolegea huzielemea jirani zake mpaka zikakatika. Nati za magurudumu zikazwe. Boliti za krenki zikazwe kwa nguvu, kisha zikazwe tena baada ya kuendesha kwa siku chache, maana mkono wa krenki unaocheza hupanua tundu lake na baada ya hapo haukaziki tena.

Pedali zitolewe na zipakwe grisi kwenye nyuzi zake. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume, hukazwa kwa kuzungushwa kuelekea mbele ya baiskeli, na fundi asiyekuwa makini akiilazimisha kwa njia ya kawaida huharibu mkono wa krenki. Nyaya za breki zipakwe mafuta au zibadilishwe zikiwa zimeota kutu, na raba za breki zielekezwe ziguse rimu tu; raba inayogusa tairi huitoboa ndani ya wiki. Mwisho, matairi yajazwe kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni, ambacho kwa matairi mengi ya aina hii ni kati ya PSI 40 na 65. Wengi huendesha na upepo mdogo wakidhani unapunguza mtikisiko, nao huishia na pancha za kubanwa kwenye mashimo na kuchoka bila ya sababu.

Kuanza kuendesha

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya nguvu ya wastani. Kwa baiskeli, safari nne za dakika arobaini zinakufikisha hapo. Kipimo cha nguvu ya wastani ni rahisi: unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua azungumze na daktari kabla ya kuanza.

Wakati mzuri ni baada ya sala ya Alfajiri, kabla daladala hazijawa nyingi na kabla watoto hawajajaa njiani kwenda skuli. Mwanga wakati huo ni mdogo, kwa hivyo taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima, na kofia ngumu pia. Dainamo la Kijapani likiwa zima linatosha mbele. Nyuma weka taa ya betri, kwa kuwa taa nyingi za dainamo huzimika unaposimama.

Upepo nao upangie. Wakati wa kusi, anza safari yako kuelekea kusini, kwa mfano Chukwani hadi Fumba, ukiwa na nguvu mpya dhidi ya upepo, na utarudi ukisukumwa. Wakati wa kaskazi geuza: nenda njia ya Bububu na Mahonda kwanza. Anayefanya kinyume hugundua akiwa mbali na nyumbani kwamba nusu ngumu ndiyo iliyobaki.

Kuendesha ufukweni maji yakipwa kunapendeza, na mchanga mgumu wa Jambiani au Paje unabeba baiskeli vizuri, lakini maji ya chumvi huharibu habu na mnyororo kuliko mwaka mzima wa barabarani. Ikiwa umefanya hivyo, isafishe baiskeli siku hiyohiyo kwa maji baridi ya ndoo, bila ya kuyaelekeza kwa nguvu kwenye habu na krenki, ikaushe kwa kitambaa, na upake mnyororo mafuta ya injini kidogo kisha uufute nje. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa sababu hukauka na kuwa gundi inayokamata mchanga. Iweke barazani au ndani, mbali na jua linalopasua matairi.

Baada ya mwezi wa kwanza irudishe kwa fundi, kwa kuwa nyaya mpya hulegea na spoku hukaa sawa kwa mara ya kwanza katika kipindi hicho, na marekebisho yake ni ya muda mfupi. Baada ya hapo, ukaguzi mkubwa wa kufungua habu na kuweka grisi mpya ufanyike mara moja kwa mwaka, masika yakishakwisha.